Namna ya kuzunguka jiji na makumbusho yake ukarudi na la kusimulia

Muulize mtu aliyerudi safari juzi aliona nini. Mara nyingi utaambiwa, "Pazuri sana, kuna mambo mengi," kisha utapewa simu upitishe kidole kwenye picha mia tano. Si kwamba hakuona. Aliona vingi mno, upesi mno, na hakuandika hata mstari mmoja mpaka alipofungua begi nyumbani, wakati kanisa la Jumatatu lilikwishachanganyika na kasri la Alhamisi. Hatua hizi ni za anayetaka kuandika kumbukumbu zake za safari, ziwe za kuchapisha au za kuwasomea wanawe, na aliye tayari kwa sharti moja gumu: kuacha vitu vingi bila kuviona.

1. Nenda na swali, usiende na orodha

Orodha za "usikose kuona" zinafanana, na anayezifuata huishia kuandika yale yale waliyoandika wengine. Chagua swali moja dogo ambalo linakuwasha kweli. Maji ya jiji hili yalitoka wapi kabla ya mabomba? Nani kasimamishiwa sanamu, na nani anatajwa na kila mtu lakini hana hata bango? Wafu wa zamani walizikwa wapi?

Chukua hilo la maji uende nalo Roma. Chemchemi ya Trevi, ambayo kila mgeni huenda kuitupia sarafu, inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Ni mwisho wa mfereji ulioletwa mjini na Agrippa, jemadari wa Roma ya kale, mwaka 19 KK, ila yale mapambo makubwa ya mawe yalikamilika mwaka 1762. Hatua chache kutoka hapo unaweza kushuka chini ya ardhi, kwenye magofu ya Vicus Caprarius, ukaona mahali maji ya mfereji huo yalipohifadhiwa. Juu kuna msongamano wa watu wanaosukumana wapate selfi; chini kuna nafasi, na kuna jibu.

Swali likikuchosha kufikia siku ya pili, libadilishe. Hakuna anayekusahihisha.

2. Milango, siku na tiketi

Hatua hii haina raha, basi imalize kabla hujafunga begi. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, lakini si yote: Louvre ya Paris hufungwa Jumanne. Mengine hufungwa kwa miaka. Pergamon ya Berlin ilifungwa yote kwa matengenezo mwaka 2023, na Centre Pompidou ya Paris ikafuata mwaka 2025, na bado kuna wageni wanaosimama nje ya milango hiyo wakiwa na vitabu vya zamani vya watalii mkononi. Angalia tovuti ya makumbusho yenyewe, usitegemee ya watu wengine.

Yapo pia yasiyoingilika bila kujipanga mapema. Nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam haiuzi tiketi mlangoni kabisa. Zinapatikana mtandaoni tu, na zinaisha haraka. Picha ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo, iliyochorwa ukutani Milan, huonwa na kikundi kidogo kwa dakika 15, kisha mnatolewa. Ukikosa nafasi ya namna hiyo, usipoteze siku nzima ukibembeleza foleni. Jiji lina mengine.

Kuhusu saa, ingia mlango unapofunguliwa au saa mbili za mwisho kabla haujafungwa. Siku za kuingia bure zina umati, na kwenye umati hakuna anayetazama kitu.

3. Siku ya kwanza ni ya miguu

Usiingie makumbusho yoyote siku ya kwanza. Vitu vilivyo ndani ya makabati ya vioo vilitoka mahali fulani, na vingi vinaeleweka zaidi ukishaona barabara, mto na vilima vya mahali hapo. Tafuta kwanza pa juu, mnara au kilima, ulione jiji lilivyokaa: mto uko upande gani, mji wa kale unaishia wapi, reli imepita wapi. Halafu shuka utembee.

Wakati wa kutembea, macho yafanye kazi mbili. Ya kwanza ni juu. Ghorofa za chini hubadilishwa kila mara kwa ajili ya maduka, lakini kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu nyumba nyingi hubaki na sura zake za zamani, pamoja na mwaka wa kujengwa uliochongwa juu ya dirisha au mlango. Kazi ya pili ni chini. Kwenye njia za waenda kwa miguu za Berlin, na za miji mingi ya Ulaya, kuna vijiwe vyenye bamba la shaba ya manjano, upana sentimita 10 kwa 10, vilivyopachikwa mbele ya milango ya nyumba za kawaida. Vingi vina maneno "Hapa aliishi", kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kuchukuliwa na mahali mtu huyo alipouawa na utawala wa Wanazi. Msanii Gunter Demnig alianza kuviweka mwaka 1992, na kufikia 2023 vilikuwa vimepita 100,000. Herufi zake ni ndogo. Ili usome, lazima uiname, na mtu akiinama katikati ya njia wapita njia humzunguka. Ukiona vitatu vinne vimekaa pamoja vyenye jina moja la ukoo, linganisha miaka ya kuzaliwa. Utajua yupi alikuwa mtoto.

Sanamu za viwanjani nazo ziulize swali moja: hii ni yenyewe au nakala? Kwenye uwanja wa Campidoglio, Roma, kuna mfalme Marcus Aurelius juu ya farasi wa shaba. Ni nakala. Mwenyewe yuko ndani ya Makumbusho ya Capitoline, mkabala na uwanja huo huo. Florence vivyo hivyo: Daudi wa Michelangelo alihamishwa kutoka uwanjani mwaka 1873 akapelekwa Galleria dell'Accademia, na anayenyeshewa mvua pale nje sasa ni nakala iliyowekwa mwaka 1910. Sioni ubaya wowote wa nakala. Pengine ukubwa wa Daudi, zaidi ya mita tano, unausoma vizuri zaidi pale uwanjani penye majumba na watu kuliko ndani ya ukumbi uliojengwa kumtukuza. Ila kwenye maandishi yako useme ulimwona yupi.

Ukichoka, panda basi la kawaida la wenyeji mpaka kituo cha mwisho, kisha rudi nalo. Basi la watalii linakuonyesha jiji linavyotaka kuonekana.

4. Ndani: tazama vitatu

Uchovu wa makumbusho ni jambo la kweli, tena lilichunguzwa zamani. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston aliandika kuhusu jambo hilo, na alimpiga picha mtu akijikunja na kujipinda ili aweze kuona vitu vilivyowekwa chini au pembeni ya makabati. Yaani miguu na mgongo huchoka kabla ya akili, nasi tunadhani tumechoshwa na sanaa. Halafu kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001, uliofanyika kwenye makumbusho ya Metropolitan ya New York kwa kazi chache maarufu mno. Nusu ya watazamaji walisimama mbele ya kazi moja sekunde 17 au chini ya hapo. Kusoma kibao chake kumo ndani ya muda huo huo!

Fanya hivi. Ingia ukumbi mmoja uliouchagua kwa ajili ya swali lako. Uzunguke wote bila kusimama, kwa mwendo wa kawaida, ukiangalia ni nini kinakuita. Rudi kwa vitatu tu. Kila kimoja kipe dakika kumi.

Dakika kumi ni nyingi kuliko zinavyosikika, na mwanzoni utaona aibu, kana kwamba mlinzi wa ukumbi anakushuku. Anajua unachofanya, watu kama wewe anawaona kila siku. Dakika tatu za kwanza usisome chochote. Jisemee kimoyomoyo unachokiona kama unayemsimulia mtu kwenye simu: rangi, ukubwa ukilinganisha na mkono wako, kimetengenezwa kwa kitu gani, kimevunjika wapi. Kisha badili mahali. Chuchumaa, kwa sababu sanamu nyingi zilitengenezwa zitazamwe kutoka chini. Pita nyuma yake kama kuna nafasi, maana nyuma ndiko kuliko na alama za patasi, misumari na gundi. Mwisho kabisa soma maelezo.

Nikupe mfano mmoja. Metropolitan wana sanamu ya kiboko mdogo wa bluu kutoka Misri, urefu sentimita 20, ambaye watu wamempachika jina William. Ana karibu miaka 3,900. Ni wa faiensi, kitu kinachotokana na unga wa mawe ya kwatzi, ambacho kikichomwa hupata ngozi ya bluu inayong'aa. Mgeni wa sekunde 17 anamwona ni kitu cha kupendeza, anatabasamu, anapita. Mgeni wa dakika kumi anagundua kwamba mwilini mwake kumechorwa mayungiyungi ya mtoni, maua yamefunguka, kana kwamba mnyama amezama na mto umemchora. Anaona pia kwamba miguu haikulingana sawasawa. Akisoma maelezo ndipo anapojua sababu: miguu mitatu ni ya kutengenezwa upya. Iliyokuwepo ilivunjwa makusudi kabla kiboko hajawekwa kaburini, ili asimdhuru marehemu huko aendako. Kiboko alikuwa mnyama wa kuogopwa, na waliomzika na maiti walimwogopa kweli. Hapo kile cha kupendeza kinapotea, na kinachobaki kinafaa kuandikwa.

Vipi kuhusu vitu maarufu? Nenda ukavione, lakini usivihesabu kwenye vitatu vyako. Mona Lisa ni ubao wa sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, mbele ya umati wenye simu juu. Kutoka hapo utaandika kuhusu umati, na hilo pia ni jambo la kuandika. Picha hiyo ilipoibwa mwaka 1911, watu walipanga foleni kuja kutazama mahali patupu ukutani.

5. Soma kibao kama stakabadhi

Kibao kidogo kilicho kando ya kitu hutaja jina la msanii, mwaka, malighafi, na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma, kilivyofika hapo. Anza na hizo herufi ndogo. Namba nayo ina habari: yule kiboko ni 17.9.1, maana yake aliingia mwaka 1917, katika kundi la tisa la mwaka huo, kitu cha kwanza. Ukiizoea namba ya aina hiyo utaweza kukisia makumbusho yalijaa miaka gani.

Halafu tazama vitenzi. "Zawadi ya" inasema aliyetoa ni nani. Haisemi yeye alikipata vipi. "Kilipatikana mwaka 1897" pembeni ya sanamu na mabamba ya shaba kutoka Benin ni sentensi ya kukufanya usimame, kwa sababu mwaka huo majeshi ya Uingereza yalivamia mji wa Benin, ambao leo uko Nigeria, yakauchoma na kubeba maelfu ya vitu vya ikulu. Vingi viliuzwa na kutawanyika Ulaya na Marekani. Mwaka 2022 Ujerumani ilikubali kuirudishia Nigeria umiliki wa vilivyokuwa kwenye makumbusho yake, na baadhi vikasafirishwa kurudi. British Museum bado inavyo vyake. Huhitaji kuhutubia kwenye maandishi yako. Nakili tu maneno ya kibao neno kwa neno, weka mwaka, msomaji atajua la kufikiri.

6. Simu

Linda Henkel, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 2014 matokeo ya jaribio alilofanya ndani ya makumbusho. Waliopiga picha ya kitu kizima walikikumbuka kwa uchache kuliko waliokitazama tu. Lakini waliovuta kamera karibu, wakapiga sehemu moja ya kitu, hawakupoteza kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu si kuiacha simu hotelini. Tazama kwanza, piga baadaye, na upige kipande: kidole, ufa, saini ya msanii. Kila picha ya kitu ifuatiwe papo hapo na picha ya kibao chake.

Flashi izime kabla hujaingia. Ukumbi wa nguo za kale au wa michoro ya karatasi huwa na giza kwa sababu mwanga unachosha rangi na uharibifu wake haurudi nyuma. Vitu dhaifu namna hiyo kwa kawaida hupewa mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), ambao ni hafifu sana. Kaa hapo dakika mbili, macho yatazoea. Kwenye Kanisa la Sistine la Vatikani na kwenye Prado ya Madrid kupiga picha ni marufuku kabisa, na ukweli ni kwamba Prado imetulia kuliko makumbusho mengine makubwa kwa sababu hiyo. Chukua penseli. Kalamu ya wino hukataliwa kwenye kumbi nyingi.

7. Makumbusho ya majonzi yapewe siku yake

Auschwitz (iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi), ukumbusho wa mauaji ya kimbari ulioko Gisozi, Kigali, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000, kisiwa cha Robben (gereza la enzi za ubaguzi wa rangi Afrika Kusini): pahala kama hapa hapachanganywi na ununuzi wa mchana. Panga siku isiyo na kitu kingine baada yake. Auschwitz wenyewe wanashauri wasipelekwe watoto wa chini ya miaka 14. Mkao wa picha za mahaba au za kuruka juu hauna nafasi humo. Hilo nisingelisema kama nisingeliona kila mara.

Hapa utaona kwamba vitu vikubwa havisemi sana. Makumbusho ya District Six, Cape Town, yaliyofunguliwa mwaka 1994, yanahusu mtaa uliotangazwa kuwa wa weupe pekee mwaka 1966, na watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa. Kitu cha kutazama kiko sakafuni. Ni ramani kubwa ya mitaa iliyobomolewa, na waliokuwa wakaazi wameandika juu yake kwa mkono majina ya familia zao, mahali nyumba zilipokuwa. Unatembea ukiikanyaga ramani hiyo huku ukisoma. Ukikutana na mzee anayemwonyesha mjukuu wake kona ya mtaa, sogea pembeni na usimpige picha.

Usilazimike kuandika usiku huo. Orodhesha ulichokiona, ulale.

8. Kuandika

Siku nyingine zote, andika usiku ule ule, kabla hujafungua mitandao ya kijamii. Ukumbini uliandika maneno matupu: "miguu haifanani", "mlinzi anasinzia", "harufu ya nta". Usiku yageuze sentensi. Anza na ulichokiona kwa macho, fuatisha ulichoambiwa au kukisoma, na viache viwe viwili mbali mbali, kwa sababu baada ya mwezi hutaweza kuvitenganisha tena.

Maneno kama "pazuri", "ajabu" na "historia ndefu" yakatae. Linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: "Tulitembelea makumbusho makubwa yenye historia ndefu na vitu vya kuvutia." Ya pili: "Kiboko ana sentimita 20, na waliomzika na bwana wao walimvunja miguu mitatu kwanza." Ya kwanza ungeweza kuiandika bila kutoka kitandani.

Usianzie uwanja wa ndege. Simulizi nyingi za safari hufia kwenye foleni ya pasipoti kabla msomaji hajafika popote. Anzia pale swali lako lilipopata jibu, au pale lilipokwama, kisha rudi nyuma kidogo tu, kadiri msomaji anavyohitaji. Watu waingize: mlinzi wa ukumbi akiulizwa kwa adabu ni kitu gani wageni humuuliza zaidi, hutoa jibu ambalo halimo kwenye kibao chochote. Majina yao yaache.

Kabla ya kuchapisha, hakiki kila mwaka na kila namba dhidi ya zile picha za vibao. Kisha mpe asome mtu ambaye hajawahi kufika huko, kaa kimya, na uweke alama kila anapoinua kichwa kuuliza. Aliyeuliza "hiki ni kikubwa kiasi gani?" anakuambia umesahau kipimo. Aliyeruka aya nzima anakuambia ufute aya. Zile picha mia tano, baki na zenye vibao vyake na zile za vipande. Nyingine futa ukiwa bado njiani, kabla hazijapata mahali pa kujificha kwenye simu yako.